Kifungo Alichokitumikia Shambani kwa Jirani

Mume wangu alifungwa mara mbili, na watu wakinitajia kifungo huwa nacheka kwanza, kwa sababu kinachonijia kichwani ni kile cha pili.

Cha kwanza hakikuwa cha kucheka. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa bado wageni kijijini Kasekese, tumeshuka na ng'ombe wetu kutoka Usukumani. Alipigana mnadani kwa ajili ya ndama, akapelekwa gerezani. Msimu mzima wa kilimo alilima mahindi ya gereza, huku mimi na watoto tukiishi kwa mihogo ya kuombaomba. Alirudi amekonda, hasemi na mtu, na hasira yake ilikuwa imeota meno. Mtoto akidondosha sahani, baba yake anaruka kama amepigwa. Nilijiuliza, huyu wamenirudishia au wamenibadilishia?

Basi haukupita muda mrefu, ng'ombe wetu wakaingia kwenye mahindi ya kiangazi ya jirani, kule bondeni. Jirani alikuwa mkulima, wazazi wake walitoka Burundi, mtu mpole lakini mahindi yale ndiyo yalikuwa maisha yake. Akaja na fimbo, mume wangu naye akatoka na yake. Kabla sijafika, nilisikia mfupa ukilia. Mkono wa kulia wa jirani ulikuwa umevunjika.

Mume wangu alikamatwa siku ileile. Usiku sikulala. Asubuhi nilijitwisha ndoo ya maziwa nikaenda kwa mke wa jirani, nikijua anaweza kunifukuza. Nilimkuta anachochea uji, macho yamemvimba.

"Dada," nikamwambia, "sikuja kutetea. Nimekuja kuwaangalia."

Aliitazama ile ndoo, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Kaa. Nyie wenye ng'ombe, mkitaka kuomba radhi lazima mlete maziwa?"

"Tungeleta nini kingine?"

Akacheka bila kupenda, halafu akalia, na mimi nikalia. Tukanywa uji. Alinieleza kilichokuwa kinamtesa: mvua zimekaribia, mume wake hawezi kushika jembe, watoto bado wadogo. Tuliachana hivyohivyo.

Siku ya kesi tulipanda lori moja mpaka Mpanda mjini, sisi wote: mimi, mke wa jirani, na mume wake aliyefungwa hogo jeupe la plasta. Hakimu alikuwa mwanamama wa makamo, miwani puani. Mume wangu alikiri kosa bila kuzunguka. Hakimu aliposikia kwamba aliwahi kufungwa kwa kupigana, akatikisa kichwa, na mimi nikaanza kuhesabu sufuria za mihogo.

Ndipo mke wa jirani akainuka kutoka kwenye benchi, hajaitwa na mtu.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Huyu mkimfunga atafanya kazi gani huko?"

Karani alitaka kumkalisha, hakimu akamzuia. "Wafungwa wanalima, mama."

"Wanalima shamba la nani?"

"La gereza."

"Sasa gereza ndilo limevunjika mkono?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Askari aliyekuwa mlangoni aligeuka akatazama nje ili asionekane meno. Mke wa jirani yeye hakucheka. "Anao ng'ombe, anayo plau. Aje alime langu. Mimi nitamlinda kuliko askari."

Hakimu alivua miwani, akamuuliza jirani mwenyewe kama naye anataka hivyo. Jirani aliuangalia mkono wake, akasema, "Nataka kula, Mheshimiwa."

Hukumu ikawa kifungo cha nje. Mume wangu alime shamba la jirani, alipande na kulipalilia mpaka mkono upone na mahindi yavunwe, na mtendaji wa kijiji apeleke taarifa. Akipigana tena, gereza linamsubiri.

Siku ya kwanza alikwenda kama anakwenda kuzikwa. Jirani alimsubiri pembeni ya shamba, wakasalimiana kwa kukohoa. Lakini kulima na ng'ombe kunataka mtu wa mbele, na jirani hakuweza kuvumilia kukaa tu. Akashika kamba kwa mkono wa kushoto, akawaamrisha ng'ombe kwa Kirundi. Wakasimama. Akapaza sauti. Wakaanza kula majani.

"Hawa wanajua Kisukuma tu," mume wangu akasema.

"Basi nifundishe."

Loo! Kusikia Kisukuma kikitoka kwenye ulimi ule! Sisi wanawake tuliokuwa tunapanda nyuma tulikaa chini kwenye matuta kwa kucheka. Na mume wangu, ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu atoke gerezani, alishikilia plau akacheka mpaka mstari ukapinda. Mstari ule ulibaki na mahindi yaliyopinda msimu wote, na kila aliyepita alionyeshwa.

Palizi ilipofika, walikuwa wanagombana kama ndugu: huyu anataka matuta makubwa, yule anayaona makubwa mno. Walikaa wakapima njia ya ng'ombe kwenda mtoni, mbali na mashamba, wakaizungushia miiba pande zote mbili. Mtendaji alikuja kukagua akakuta wanakula ugali kwenye sinia moja, akaambiwa anawe mikono.

Hogo lilifunguliwa kabla ya mavuno. Jirani alijaribu jembe la mkono kidogo, akaliweka. "Nimeshazoea plau," akasema. Mwaka uliofuata walilima mashamba yote mawili kwa zamu, bila hakimu yeyote.

Siku tuliyovuna hatukumwalika mtu, lakini watu walikuja. Mke wa jirani alileta maharage, mimi nikachinja jogoo. Wanaume wakapiga ngoma, Wasukuma wakajigamba kucheza, Warundi wakawajibu kwa kuruka juu zaidi. Mume wangu aliingia katikati, akamvuta jirani kwa mkono uleule wa kulia. Jirani akapiga kelele, "Taratibu, mfungwa!" Wakacheza mpaka vumbi likawaficha, na sisi wawili tukaacha vyombo tukaingia humohumo.