Mkaa kwa Meno ya Chebet

Siku hizi supamaketi za Nakuru zinauza dawa ya meno ya mkaa, nyeusi tititi, na watu wanaigombania. Mimi nikiisikia harufu yake narudi utotoni, kwenye ploti tuliyopanga nje kidogo ya mji, ambako dada yangu Chebet alisugua meno kwa mkaa wa kutwanga kila asubuhi mpaka fizi zikatoka damu.

Meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia. Yangu pia, lakini mimi hakuna aliyenitaka jukwaani. Chebet alikuwa na sauti, na alikuwa amechaguliwa kuimba peke yake mbele ya wageni siku ya wazazi shuleni. Alilala akiimba, akaamka akiimba, hata tukamchoka.

Mama aliamini, kama akina mama wote wa ploti, kwamba madoa ni uvivu. "Wewe husugui, unalowesha tu mswaki!" alimfokea, kisha akamwongezea mkaa. Mwenyewe alikuwa amekulia Keringet, akinywa maji ya chemchemi, na meno yake yalikuwa meupe. Kwake huo ulikuwa ushahidi tosha.

Sisi wapangaji tulikunywa maji ya kisima cha pampu. Mwenye ploti alikuwa na tangi la maji ya mvua, lenye kufuli, na mvua yenyewe aliikinga kwenye mabati ya nyumba zetu. Binti yake, Mercy, alikuwa na meno safi. Nilidhani ni mswaki wake wa rangirangi.

Wiki ya sherehe mwalimu alimkagua Chebet mdomo kama mtu anayenunua ng'ombe. "Wageni wataona hii? Wewe kaa nyuma, Mercy ataimba." Mercy aliimba, akasahau ubeti wa pili, akapigiwa makofi vilevile. Jioni Mama, kwa aibu, alimchapa Chebet.

Nilikuwa tayari mtu mzima wakati daktari wa meno aliponieleza kwamba madoa yale huletwa na madini ya floridi yaliyojaa kwenye maji ya visima vya huku. Huingia ndani ya jino linapokua, na hakuna mkaa unaoyafikia. Usafi haukuhusika kabisa. Kilichohusika ni nani alishika ufunguo wa tangi. Nilipandwa na hasira, na sikujua nimtolee nani.

Nilimpigia Chebet simu nikamweleza. Alicheka, kicheko kilichobanwa, nami nikajua bila kumwona kwamba, ingawa alikuwa peke yake jikoni kwake, ameziba mdomo kwa kiganja.