Mama Panya na mjukuu asiyeshtuka

Saa moja na robo asubuhi, mwanamke mwenye koti la buluu anasukuma mlango wa chuma kwa kiwiko na kuingia kwenye chumba chenye vizimba mia nne. Anabadilisha maranda, anajaza chupa za maji. Kisha anasimama mbele ya kizimba cha mwisho na kupiga kofi moja kali.

Vitoto sita vya panya vinaruka. Viwili vinaendelea kulala.

"Hao wawili hawasikii," anasema, akiandika kwenye kadi. "Wakiamka utawaona, wanazunguka kama pia."

Wenzake wanamwita Mama Panya, na yeye huitika bila kinyongo. Ana miaka hamsini na sita. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia humu, akiwalea wanyama wa watafiti wanaochunguza jinsi jeni zinavyouongoza ubongo, macho na masikio kujijenga mtoto akiwa bado tumboni.

Ni yeye aliyewagundua panya hawa. Miaka mitatu iliyopita aliangusha sinia, chumba kizima kikashtuka isipokuwa wachache. Mtafiti mkuu alipochunguza, alikuta hitilafu kwenye jeni moja, ile inayoziamuru seli za ndani ya sikio kuota vinyweleo vya kunasa sauti. Amri isipofika, vinyweleo havioti sawasawa, na ubongo haupati habari.

"Alidhani ananifundisha mambo ya panya," anasema. "Mimi nilikuwa namuwaza mwanangu."

Kifungua mimba wake, sasa fundi cherehani mwenye miaka thelathini, alizaliwa kiziwi. Kwa miaka yote hiyo mama alijilaumu kwa homa aliyougua akiwa mjamzito.

Wiki saba zilizopita, binti yake mdogo alijifungua mtoto wa kike. Tangu hapo, bibi hana raha. Amegonga milango, ameangusha sufuria, aone kama mtoto atashtuka.

"Nilimwambia, mama, acha kumpigia mtoto makofi, huyu si panya wako," anasema binti. Anacheka kidogo, kisha anainamisha kichwa. "Lakini akishaenda kazini, na mimi napiga."

Hospitalini, nesi alichomeka kifaa kidogo kwenye sikio la kulia. Hakuna jibu. La kushoto, hakuna jibu. Akasema huenda ni majimaji, warudi baada ya wiki mbili. Walirudi. Majibu yakawa yale yale, na mtoto akatolewa damu ya kupima jeni.

Kesho yake bibi alimwendea mtafiti, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi niliyewaharibu?"

"Mama, majibu ya damu hayajatoka," alimjibu. "Ila kama ni jeni ya aina hii, mtoto huipata kwa pande mbili, nakala mbovu ya baba na nakala mbovu ya mama. Wabebaji wenyewe husikia vizuri, hawajui. Hakuna aliyechagua."

"Nilimwelewa," anasema. "Moyo ndio uliokataa kuelewa."

Jumapili, fundi cherehani alikuja. Alimpakata mpwa wake, akachezesha vidole mbele ya uso wake. Macho ya mtoto yakavifuata. Kisha akamgeukia mama yake, mikono ikienda mbio, dada yake akitafsiri: "Unalia nini? Kwani mimi nina kasoro gani?"

Mama hata angetaka kumjibu, asingeweza, kwa maana ishara anazozijua ni za nyumbani tu: njoo, kula, lala, mvua.

"Miaka thelathini," anasema taratibu. "Sijui hata mwanangu anaogopa nini."

Sasa kila Jumamosi, yeye na binti yake hukaa kwenye benchi la kibanda cha cherehani, mtoto mapajani, bibi akijifunza lugha ya alama. Mwalimu, yule mwanawe fundi, ni mkali. Mama akikosea, humpiga kibao kidogo cha mkononi na kumrudisha mwanzo.

Hofu haijamtoka. Anaogopa barabara, anaogopa shule, anaogopa majibu ya damu.

"Huyu mtoto ataniuliza siku moja kwa nini hasikii," anasema. "Nataka nimjibu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, asihitaji mtu wa kututafsiria."