Shati Jeupe Kwenye Nyasi

Katika chumba cha mafundi wa nguo, ghorofa ya pili, kando ya River Road, gazeti lilikuwa likigawanywa kila asubuhi. Nzomo alichukua kurasa za nyuma, za mpira, akazisoma kwa sauti huku miguu yake ikiendelea kukanyaga cherehani. Mbuthia aliachiwa za mbele na matangazo ya vifo. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama ndivyo alivyopenda. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, alikuwa ameshona suti tangu ujana wake, na katika miaka hiyo yote mpira ulimpita kama mvua inavyompita mtu aliyekaa ndani.

"Huyu ukimtajia Arsenal," Nzomo alizoea kuwaambia wateja, "atakuuliza mita moja ni pesa ngapi."

Wateja walicheka, naye Mbuthia alicheka pamoja nao, pini zikiwa midomoni.

Ijumaa ya mwisho ya Mei, mwaka 2002, Kombe la Dunia lilianza. Mechi ya kwanza ilikuwa saa nane unusu mchana, Ufaransa na Senegali, na kufikia saa sita mji mzima ulikuwa kama watu wanaongoja lango lifunguliwe. Nzomo alikuwa ameshafunika cherehani yake simu ilipolia mfukoni mwake. Alisikiliza, akamnyooshea Mbuthia. "Ni shemeji yako."

Alikuwa Wangui, mke wa kaka yake Kihara.

"Baba Shiru, uko na kazi mchana?"

"Suti moja tu ya arusi."

"Basi njoo ukae na ndugu yako. Nimeuliza kila mtu. Jirani, wazee wa kanisa, hata mjomba. Kila mwanamume yuko na mahali pa kuangalia mpira. Ni wewe tu huna." Akashusha sauti. "Tangu juzi hajakula. Dawa za sukari anazimeza na tumbo tupu, na daktari alinionya. Nikiwasha redio ananiambia nizime. Leo hii mechi ikianza na yeye amegeukia ukuta... naogopa, Baba Shiru."

Sukari ilikuwa imekula macho ya Kihara mwaka uliotangulia, kwanza moja, kisha la pili. Mtu aliyekuwa hakosi mechi uwanjani, ambaye sauti yake iliwahi kutambulika kutoka upande wa pili wa uwanja, sasa alikuwa anakaa tu.

Nzomo alitoka mbio, akaziacha kurasa zake mezani. Mbuthia alinunua parachichi mbili pale chini, akazifunga kwa kurasa hizo, akaenda Mountain View, mtaani kwa Kihara.

Njiani alimkumbuka Kihara kijana, akimpeleka uwanjani Jumapili baada ya kanisa. Yeye Mbuthia alikuwa na miaka tisa. Wenzake wakipiga mayowe, yeye alitazama pindo za kaptula na kola za mashabiki waliokaa mbele. Vijana walipomcheka, Kihara alimnunulia njugu na kuwaambia, "Mwacheni. Huyu anaangalia vitu vingine." Hakusema zaidi ya hayo, wala hakuacha kumchukua Jumapili iliyofuata.

Alimkuta kaka yake kwenye kochi, uso ukutani. Televisheni ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, mpaka chini. Mbuthia alikikunja kitambaa mara nne, akaiwasha.

"Ni nani?"

"Ni mimi."

"Umekuja kufanya nini saa hii? Mpira unaanza."

"Ndiyo maana wamenituma mimi."

Kihara aliguna. "Zima hiyo kitu."

"Acha niangalie kidogo."

"Wewe? Mpira?" Kichwa kiligeuka kidogo kutoka ukutani. "Zima, Mbuthia. Huyo mtangazaji anataja majina tu. Majina nayajua. Lakini simwoni mtu."

Mbuthia hakuzima. Alipunguza sauti mpaka mtangazaji akawa mnong'ono, akavuta kigoda karibu na kochi. Hakujua aanzie wapi. Akaanzia alipoweza.

"Wafaransa wamevaa buluu. Kitambaa chepesi, kinashika mgongo wakitoka jasho. Senegali wamevaa nyeupe."

Mbuthia aliinama mbele, akakaza macho.

"Kuna mmoja mwembamba ana mpira. Shati limemzidi. Mshono wa bega umeshuka mpaka hapa." Akaugusa mkono wa kaka yake, chini ya bega, pale pale mshono ulipofikia.

Kihara hakuuondoa mkono. Akauliza, "Nambari yake?"

"Sijaangalia."

"Mbuthia! Nambari imeandikwa mgongoni, kubwa kama mlango!"

"Amegeukia huku. Ee, na refa kaptula yake imekatwa na mtu anayejua kazi."

"Refa!" Kihara alijiinua kwa kiwiko. "Dunia nzima inaangalia mpira, wewe unaangalia refa. Mpira uko wapi?"

"Uko kushoto. Senegali. Anakimbia huyu, anakimbia, amemwacha yule wa buluu... ameupiga katikati. Wamegongana. Kipa ameugusa. Kuna mrefu ameanguka, ameupiga akiwa chini... Kihara, umeingia."

"Umeingia wapi?"

"Ndani! Kwenye wavu!"

Mtaa wote ulilipuka. Madirishani, kwenye vibanda, mpaka ng'ambo ya barabara ya Waiyaki Way, watu walipiga kelele kwa mkupuo mmoja. Kihara alikuwa ameketi wima, vidole vyake vimeshika mkono wa shati la mdogo wake.

"Wanafanya nini? Niambie wanafanya nini!"

"Amevua shati. Amelipeleka kwenye kona, karibu na kibendera. Analilaza chini." Mbuthia aliinuka nusu. "Kwenye nyasi, Kihara! Shati jeupe! Sasa wamelizunguka, wanacheza ngoma, wote."

"Amelilaza vipi?"

Mbuthia aliangalia vizuri. "Amelitandaza. Kama unavyomlaza mtoto." Akaongeza upesi, "Na doa la nyasi halitoki. Hata ukiloweka siku mbili."

Kihara alicheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikapanda, kikamtikisa mabega, akacheka mpaka machozi yakatoka kwenye yale macho yasiyoona. Wangui alitokea mlangoni akiwa na mwiko mkononi, asijue kama ni kilio au ni nini.

"Mama Ken," Kihara alimwambia mkewe, akijipangusa, "huyu mtu atanimaliza. Uko na nini jikoni?"

Alikula githeri, mahindi na maharagwe, pamoja na parachichi moja nzima. Kipindi cha pili Mbuthia alimtolea habari za soksi zilizoshuka na za kocha aliyeacha koti bila kufunga kifungo, naye Kihara alimgombeza kila dakika, mdomo ukiwa umejaa. Filimbi ya mwisho ikapigwa, Senegali moja, Ufaransa bila, na Mbuthia, kusema kweli, hakuwa ameupenda mpira kuliko alivyoupenda asubuhi.

"Kesho ni Madaraka," Kihara alisema. "Hakuna kazi. Nani wanacheza?"

Mbuthia alizichukua zile kurasa zilizokuwa zimefungia parachichi, akazinyoosha juu ya goti kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukata, akaanza kuzisoma kutoka nyuma. "Ayalandi na Kameruni. Saa tatu unusu asubuhi." Kidole chake kiliteremka, kikasimama. Akasoma tena, polepole.

"Ni nini?"

"Wanasema Kameruni walikuwa na mashati yasiyo na mikono. Yamekatazwa. Sasa wameyatia mikono myeusi."

"Ndiyo. Hata mimi nilisikia hapo nyuma."

"Wameishonea hapo kwenye bega, au wamevaa fulana ndani?"

"Nitajuaje, Mbuthia?" Kihara alilala chali, uso wake umeelekea chumbani. "Uje mapema, uniambie."