Risasi ya Mlango

Mimi ni mtoto wa Ngamiani niliyejisomesha mwenyewe. Baba alikata mkonge maisha yake yote. Diploma yangu ya eksirei niliipata kwa jasho, nikafanya kazi Maskati miaka tisa, na niliporudi Tanga nilikuja na kipimo changu cha mionzi cha mkononi, kipya kuliko kile cha hospitali iliyoniajiri. Sijisifu bure.

Wiki ya pili nilikishika nje ya mlango wa chumba cha eksirei huku mwenzangu akipiga picha ndani. Kikaanza kulia. Mionzi ilikuwa inavuja sehemu ya chini ya mlango, usawa wa tumbo la mtu aliyeketi. Na aliyeketi hapo kutwa nzima ni mwandikishaji wa wagonjwa, binti wa Kipemba mwenye mimba yake ya kwanza.

Nikamtafuta seremala aliyeukarabati mlango ule. Hakuficha kitu. Chini palikuwa pameoza, akakata, akatia mninga safi. Ndani alikuta bati zito la risasi, lile linalozuia mionzi, akawapa wavuvi wa Tongoni waliyeyushe wapate chubwi za kuzamishia nyavu. Alijivunia sana ule mninga.

Lakini fomu ya usalama ilisema mlango ni mzima. Tarakimu zake zilikuwa zile zile za mwaka uliotangulia, kabla ya seremala, mpaka nukta. Sahihi ilikuwa ya Mwalimu, mkongwe wa idara yetu anayepima mlango kila mwaka. Ndivyo tunavyomwita, maana ametufundisha karibu wote. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kumlaza mtoto kwenye mashine asiogope.

Kwetu mkubwa akikosea huitwa chemba. Nilijua. Lakini Maskati nilizoea kosa kusemwa mbele ya wote, na nisiwafiche, nilitaka waone nani kaligundua. Saa nne, wakati wa chai na mihogo, nikaweka kipimo changu kando ya birika.

"Mwalimu, mlango huu hukuupima. Umenakili."

Akakoroga chai yake taratibu. "Mlango umeupima, mwanangu. Na mimi naona umenipima. Nimefika ngapi?"

Wakacheka wote, hata mkuu wa idara. Tangu hapo mlango ukasahaulika, ikabaki habari ya kijana wa Maskati aliyempima mwalimu wake. Nilimpelekea mkuu maandishi, na diploma yangu juu yake. Akasema tusivunjiane heshima, mafundi wataitwa. Hawajaitwa.

Nikaisogeza meza ya yule binti hadi dirishani. Asubuhi nikaikuta mlangoni. Nikaisogeza tena, ikarudi. Nikamweleza habari ya mtoto aliye tumboni, nikamwonyesha namba kwenye kipimo.

"Kaka, Mwalimu kasema hapa hapana neno," akaniambia bila hasira. "Pangekuwa na ubaya angenambia. Wewe na yeye malizaneni."

Nikaenda nyumbani kwa Mwalimu, Usagara, kumwona chemba kama ilivyonipasa tangu mwanzo. Nikamwomba radhi. Akanimiminia kahawa, akasema yamekwisha. Nilipotaja mlango akaniuliza hali ya mama. Nikaelewa. Alikwisha kuwaambia watu kwamba mlango ni mzima, na hakuwa tena na pa kurudia. Njia hiyo niliifunga mimi, kando ya birika.

Binti amekwenda Pemba kujifungua. Sijapata habari zake, na sithubutu kuuliza. Kiti chake kakikalia mwingine, palepale. Fomu ya mwaka huu ilipoletwa nilikataa kutia sahihi. Ikasainiwa bila mimi, tarakimu ni zile zile, mpaka nukta.

Kipimo bado natembea nacho mfukoni. Kila asubuhi namwamkia Mwalimu shikamoo.

"Marahaba," ananijibu kwa upole. "Leo tumefika ngapi?"