Alipaka kijani mlima ambao hakuna aliyeupima

Jana saa ya chai mkurugenzi wetu alitangaza kwamba Alhamisi ramani ya maporomoko ya udongo itaonyeshwa kwa wageni, na itasainiwa siku hiyo hiyo. Alisema imetengenezwa na mwenzetu ambaye hapa nitamwita Papa Chantal. Kisha akanigeukia: "Maman, utamsaidia na projekta."

Admin, nifiche jina. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba. Nilizaliwa Bukavu na wazazi Wanyarwanda, vita vikatuvusha huku, na sasa naandika programu katika ofisi moja hapa Kamembe, upande wa Rwanda. Papa Chantal tulikua naye mtaa mmoja kule ng'ambo. Ndiye parrain wa binti yangu: alimshika siku ya ubatizo, na jina analoitwa alilichagua yeye.

Nieleze kazi yenyewe. Ramani yetu imegawanywa katika vijimraba vingi sana, na kila kimoja kina namba inayosema ardhi pale ina hatari kiasi gani. Programu ya kuchora haijui namba hizo zimetoka wapi. Inauliza tu: hapa, thamani ni ngapi? Kipande cha programu nilichoandika mimi kinasimama katikati na kujibu. Namba kubwa huchorwa nyekundu, ndogo kijani.

Sehemu ngumu ilikuwa mahali pasipo na namba. Vipimo vingi vya udongo tulivyonavyo ni vya miaka ya vita, na kuna vilima kando ya mto ambavyo wapimaji hawakuvifikia kwa sababu ya askari. Hadi leo hakuna aliyerudi kuvipima. Kipande changu kikiulizwa kuhusu vilima hivyo hujibu "sijui", na ramani inabaki na shimo jeupe.

Nilikimaliza nikiwa na mimba ya mwisho, nikaenda kujifungua. Niliporudi, jina langu lilikuwa limefutwa pale juu ya programu na la Papa Chantal limewekwa. Ofisi nzima ilikuwa ikimpongeza. Nilimfuata mezani kwake. Alicheka.

"Maman, juu ya nini unachoka bure? Weye ulizaa, mi nilibatiza. Mutoto anaitwa jina yenye parrain alitia."

Wenzetu wawili walicheka naye. Nilikwenda kwa mkurugenzi, akaniambia kazi ni ya timu. Tangu siku ile sijasahau hata sauti ya kile kicheko.

Wiki iliyopita nilifungua ramani na kukuta haina hata shimo moja. Nikatazama ndani. Pale nilipoandika "sijui", yeye ameweka sifuri. Na sifuri huchorwa kijani kuliko kijani chote. Nilimuuliza, nikijifanya sina habari.

"Ile mashimo nyeupe ilikuwa inatupatisha haya mbele ya bageni," alisema. "Nikaiziba. Sasa iko propre, iko safi."

Nilifurahi, na sitawadanganya kuhusu hilo. Kipande changu cha asili bado ninacho. Alhamisi, projekta ikiwa mikononi mwangu, nitakirudisha mahali pake, na kijani chake kitatoboka mbele ya wageni wote. Kisha nitamuuliza kwa adabu: "Papa Chantal, hapa thamani ni ngapi?" Hatakuwa na jibu, kwa sababu hajawahi kuelewa kinachoulizwa. Nimeshaichagua hata nguo nitakayovaa.

Jana jioni nikakutana na Maman Furaha pale mpakani, Rusizi ya kwanza. Huvusha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenda Bukavu. Mvua iliyopita ilimchukulia nyumba, na sasa analala na watoto wake kwa shemeji yake kule Gihundwe. Alinishika mkono.

"Dada, banasema kule ku kilima ya kando ya muto batatujengea, kwa ramani yenu iko kijani. Kijani njo muzuri, ao?"

Kilima alichokitaja ni mojawapo ya yale mashimo.

"Njo muzuri," nilimjibu. Nilisema hivyo nikiwa na akili zangu zote.

Leo asubuhi nilimsimulia mume wangu. Aliacha kula.

"Useme leo," alisema.

"Nikisema leo ataisahihisha kimya kimya, na Alhamisi atapigiwa makofi kwa kazi yangu mara ya pili."

"Na kama bakisaini kwanza, weye ujabonyeza kile kidude chako? Ule mulima haitangoja umalize hasira yako."

Nimeuliza utaratibu wa siku hiyo. Ni kweli: saini kwanza, ramani baadaye, maswali kama muda utaruhusu. Ikishasainiwa, wajenzi wanaanza kuchimba msingi Ijumaa. Nikichelewa, Maman Furaha ndiye atakayelala juu ya sifuri ya Papa Chantal.

Msiniambie nisamehe, hilo sijauliza. Nataka aaibike, na nataka aaibike kwa kazi yangu mwenyewe. Ninyi mnaosoma, niambieni jambo moja tu: niende kwa mkurugenzi sasa, au nishike projekta na niombe ramani itangulie saini? Shughuli inaanza Alhamisi saa tatu asubuhi. Mimi nimeambiwa nifike saa mbili, nifunge mapazia na kuwasha mashine.