Hoteli Si Mtu

Safari ya miji ya vilimani huko Italia niliipanga mwenyewe, kwenye meza ya jikoni kwetu Wembley. Wiki moja, gari la kukodi, kila usiku mji mwingine: tunapanda, tunalala, asubuhi tunashuka na kwenda zetu. Mwisho wa safari hakukuwa na harusi wala msiba, na hilo ndilo lililonivutia. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kufika mahali nisiulizwe mimi ni mtoto wa nani. Nilitaka wiki moja ya kutoulizwa, ingawa mama mwenyewe ilinibidi niende naye, maana kwa magoti yake mabovu nisingeweza kumwacha peke yake ghorofani.

Mama aliitazama ramani kwa adabu, kama anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Vizuri," alisema. "Na huko tunafikia kwa nani?"

"Hotelini, mama. Vyumba nimeshaweka."

"Hoteli si mtu."

Nikamweleza kwamba watu wote duniani husafiri hivyo. Akasema watu wote hawamhusu. Tangu atoke Unguja baada ya mapinduzi alikuwa amekwenda Muscat, Mombasa na Toronto, na kote huko kulikuwa na mlango wa mtu anayemjua. Bila mlango hendi, na asipokwenda yeye, nami siendi.

Kesho yake alimwuliza mwenye duka la viungo mtaani kwetu, Mhindi wa Kisumu ambaye Kiswahili chake kina kasi kuliko changu. Kumbe ana shemeji Milan. Mama akarudi na mchicha na furaha tele.

"Tunakwenda Milan."

"Milan hakuna vilima, mama."

"Kuna shemeji yake."

Kumtoa huko kulinichosha, na sauti nilipandisha, sikatai.

Mlango wenyewe aliupata kwa bahati yangu mbaya. Nilipiga simu kwenye nyumba moja ya wageni, katika mji mdogo kuliko yote niliyochagua, kuuliza kama ngazi ni nyingi. Aliyepokea ni mwenye nyumba, bibi mtu mzima. Mama akaniashiria nimpe simu. Eti anataka kumwamkia tu. Kiingereza chao kilikuwa kidogo sawasawa, kwa hiyo walielewana. Nikamsikia mama akiuliza afya, watoto, magoti. Kisha akasema pole, pole sana, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Yule bibi alikuwa amefiwa na mumewe majira ya baridi yaliyopita. Chai yangu ikapoa, wao bado wanazungumza.

"Basi," alisema mama alipoweka simu, "tunafikia kwa huyu."

"Kwa usiku mmoja."

"Mtu kafiwa! Ukalale kwake usiku mmoja, asubuhi huyoo, ushaondoka? Adabu gani hiyo? Tutakaa wiki."

Nikalipuka. "Mama, mimi nataka, mara moja tu, nifike mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayenijua!"

Hakukasirika. Alikuwa akijisugua goti.

"Mimi nishafika," alisema. "Ni hapa. Baba yako yuko melini, wewe hujazaliwa. Baridi yote ile ikapita, hakuna aliyeniita jina langu. Ikawa nalitamka mwenyewe chumbani, nisije nikalisahau."

Hilo nilikuwa sijawahi kulisikia. Nikaifuta miji yangu mmoja mmoja, na nililia kidogo, kwa ajili yake na kwa ajili ya miji pia. Halafu nikampigia tena yule bibi kumwambia kwamba tutakaa kwake wiki nzima. Akasema anajua, ameshaambiwa. Kisha akamtaja mama kwa jina lake, jina ambalo nyumbani kwetu hakuna anayelitamka, akauliza anapenda kula nini.