Mashati Mbele ya Mita

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Tangu afiwe na mumewe, alipiga pasi nguo za watu kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, asubuhi mpaka mgongo ugome. Shati likiwa tayari alilitundika kwenye kamba ya ukutani, mbali na vumbi la mlangoni. Mita ya umeme ilikuwa kwenye ukuta huohuo, nyuma ya mashati.

Kila mwezi msoma mita alikuja, mtu mzima mwenye adabu zake. Aliyatazama yale mashati meupe, kisha akavitazama viganja vyake vilivyojaa masizi.

"Mama, nikiyagusa nitakuharibia kazi. Acha nikadirie tu."

"Ahsante, baba. Mungu akuzidishie."

Loo, adabu nyingine ni msiba! Kampuni ilikadiria kwa kumfuata mpangaji wa zamani, mzee mwenye balbu moja aliyelala mapema kama kuku. Mama Pasi naye, mtu wa kuogopa deni kuliko nyoka, alilipa kila mwezi kiasi kilekile alichozoea kulipa alikohama, hata bili iwe ndogo. Baada ya miaka miwili bili ikasema kampuni ndiyo inayodaiwa. Akaipeleka ofisini.

"Una salio, mama," karani alimwambia. "Urudishiwe?"

"Kwani pesa hizo ni zangu?"

"Za nani tena?"

Akazipeleka zote chuo cha uuguzi, bintiye akaanza masomo. Wiki hiyo Mama Pasi alipiga pasi huku akiimba, na sauti yenyewe ilikuwa mbaya, lakini nani angemnyamazisha?

Kisha akaja mkaguzi asiye na simile. Akayasukuma mashati kando na kuisoma mita. Bili iliyofuata ilikuwa na deni linalozidi mapato yake ya mwaka mzima. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye zilikuwa nguo za watu.

Alirudi kwa karani yuleyule.

"Mliniambia ni zangu."

"Zilikuwa zako kwa makadirio, mama."

"Na ada niliyolipa, nayo ni ya makadirio?"

Chuo hakirudishi ada. Kampuni ilikubali alipe kidogo kidogo, ila hicho kidogo chenyewe kilizidi anachopata kwa mwezi. Pasi ya mkaa mwenye nyumba aliikataza. Mama Pasi alikata tamaa, na hakumficha mtu. Muhula wa pili ulikuwa mlangoni, na bila pasi bintiye angerudi nyumbani.

Siku ya kukata umeme alitumwa yuleyule msoma mita. Alisimama mlangoni, hajui aanzie wapi.

"Sukuma tu, baba," Mama Pasi alisema.

Hakusukuma. Alikwenda bombani nje, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akarudi, akayashusha mashati moja moja na kuyalaza mezani, hakuna hata moja lililokunjika. Kisha akakata.

"Nisamehe, mama."

Pasi ilikuwa bado ya moto. Mama Pasi alivuta shati lililofuata kapuni na kuanza kulipiga mbiombio. Alimaliza mkono mmoja, na kwenye mkono wa pili pasi ikapoa.